Bibi wa Jinja na filamu za Wahindi wa ughaibuni: je, Afrika imefichwa?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa nne Leicester, Uingereza. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, na jioni nasoma kozi ya kutengeneza filamu. Mmoja wa wazee wangu ni bibi wa Kigujarati, ana miaka themanini na kitu. Siku ya kwanza nilipomtajia ninakotoka aliacha Kiingereza hapo hapo, akaniambia: 'Lete chai, tia tangawizi.' Kumbe alizaliwa Jinja, Uganda, na India hajawahi kuishi. Nataka nimtengenezee filamu fupi. Nimeanza kutazama filamu za waongozaji wa Kihindi walioko nje, na naona mambo ni yale yale: baba mkali, binti anayetaka kujiamulia, harusi, sambusa. Wahindi wanatoka India, wanahamia Ulaya au Marekani, basi. Sisi Waafrika hatumo, au tumo kama watumishi. Je, wanatuficha makusudi? Halafu mwalimu wa kozi ameniambia hadithi hii si yangu, nimwachie Mhindi aisimulie mwenyewe. Ni kweli? Na kama si kweli, nianzie wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama mahali pamoja: "Lete chai, tia tangawizi." Nitaparudia baadaye, maana nadhani filamu yako imo ndani ya maneno hayo manne. Kwanza nijibu ulichouliza.

Maswali yako mawili makubwa yamekuja kama doti ya kanga: kama tumefichwa, na kama una haki ya kusimulia. Kabla sijaikata doti hiyo, niondoe mchanganyiko mmoja ambao sisi watu wa Pwani tunao tangu utotoni. Tumekulia kwenye filamu za Kihindi, tumeimba nyimbo zake bila kujua maana, kwa hiyo kila filamu yenye Mhindi ndani tunaitia kapu moja. Filamu iliyotengenezwa Mumbai kuhusu Wahindi wa London ni kitu kimoja. Filamu iliyotengenezwa na Mhindi wa London kuhusu mtaa wake ni kitu kingine kabisa. Chukua *Dilwale Dulhania Le Jayenge* ya mwaka 1995, ile ya Shah Rukh Khan na Kajol. Baba wa binti anawalisha njiwa pale Trafalgar Square huku moyo wake uko kwenye mashamba ya Punjab. London kwake ni mahali pa kuchumia tu. Nyumbani ni kule, bado ni kusafi, na kunamsubiri. Mumbai iliwauzia Wahindi wa nje picha ya nyumba waliyoiacha, nao wakainunua kwa pauni na dola.

Mwongozaji aliyekulia nje hana nyumba ya namna hiyo ya kurudi. Kwake "nyumbani" ni neno analolisikia mezani kwa wazazi, na nusu ya kazi yake ni kuuliza lina maana gani. Ndiyo sababu ile sura unayoilalamikia, ya baba mkali na binti na harusi, inajirudia. Sikatai kwamba imechosha. Lakini ilianza kwa sababu ya haki: nyumba ndipo mahali pekee ambapo wazazi na watoto wa wahamaji wanakutana na kugombana juu ya neno hilo. Shule haiwagombanishi, kazini hawakutani. Wanagombana jikoni na kwenye harusi. Tatizo ni kwamba sura ile ilipouza, wafadhili wakaomba nyingine, na nyingine tena.

Fedha zenyewe zilitoka wapi? Kwa Uingereza, sehemu kubwa ya jibu ni televisheni. Channel 4 ilianza mwaka 1982 ikiwa na wajibu wa kuhudumia watazamaji ambao stesheni nyingine hazikuwajali. Fedha zake ndizo zilizotoa *My Beautiful Laundrette* mwaka 1985, iliyoandikwa na Hanif Kureishi (hiyo ni ya familia ya Kipakistani, usije ukaichanganya), na *Bhaji on the Beach* ya Gurinder Chadha mwaka 1993. Marekani hapakuwa na mlango wa namna hiyo. Mira Nair amewahi kusimulia kwamba alipopeleka mpango wa *Mississippi Masala* kwa bwana mmoja wa studio, aliombwa atafute nafasi ya mhusika mkuu mzungu. Akamjibu kwamba asiwe na wasiwasi, wahudumu wote wa mezani watakuwa wazungu. Wakacheka wote wawili, kisha akaonyeshwa mlango.

Sasa tuje kwenye ramani, kwa sababu hapo ndipo bibi yako anapopotea. "Mhamiaji wa Kihindi" si mtu mmoja. Wale unaowaona kwenye *The Namesake* (2006), Ashoke na Ashima kutoka Kolkata, ni zao la sheria ya Marekani ya mwaka 1965 iliyofungua mlango kwa wasomi na wataalamu. Mtu kama huyo anashuka New York ana shahada mkononi, na upweke wake ni upweke wa msomi. Wahindi wa Trinidad, Guyana na Natal walitangulia kwa mkataba wa kukata miwa. Wa kwetu wana njia zao pia, na hapa watu wengi hukosea wakidhani wote ni wajukuu wa vibarua wa reli. Reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901, ilileta vibarua wapatao 32,000, lakini wengi wao walirudi kwao. Waliobaki hawakuzidi sana 6,000. Wenye maduka wengi walikuja kwa njia ya biashara, na Unguja ilikuwa na wafanyabiashara wa Kigujarati kabla reli haijaotwa hata ndotoni.

Watoto wa hao ndio waliohama kwa mara ya pili. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi watoke Uganda, akawapa siku 90. Wapatao 27,000 waliishia Uingereza, wengi wakipitishwa kwanza kwenye kambi za jeshi. Huo mji wako, Leicester, ulilipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus Septemba ile ile kuwasihi wasije. Wakaja. Wapo wanaotania kwamba tangazo ndilo lililowajulisha kwamba Leicester ipo. Kwa hiyo bibi yako si mhamiaji kutoka India. Ni mhamiaji kutoka Jinja mwenye asili ya India, na filamu inayomwonyesha akitoka Gujarat moja kwa moja hadi Belgrave Road, pale Leicester, imemkata miaka yake ya kuzaliwa, kukua na pengine kuolewa.

Je, tumefichwa? Nitakujibu kwa filamu mbili. Tafadhali zitazame tena ukiwa na kalamu.

Ya kwanza ni *Bend It Like Beckham* (2002), ambayo kila mtu anaikumbuka kama hadithi ya binti wa Kalasinga anayecheza mpira kwa siri. Msikilize baba yake, anayechezwa na Anupam Kher. Anasimulia kwamba Nairobi alikuwa mrushaji hodari wa kriketi, timu ya shule yao ikachukua kombe la Afrika Mashariki. Alipofika Uingereza klabu hazikumtaka, na kilemba chake kikawa kichekesho. Akaacha kucheza. Chuki yake dhidi ya mpira wa bintiye haitokani na mila za Punjab. Inatokana na jeraha la mtu aliyewahi kuwa bora Nairobi, halafu akawa si kitu London. Ukiiondoa Nairobi, yule mzee anabaki kuwa baba mkali wa Kihindi kama wengine wote. Chadha mwenyewe alizaliwa Nairobi mwaka 1960 na akapelekwa London akiwa na miaka miwili hivi. Hawezi kuwa na kumbukumbu zake za mitaa ya Nairobi. Anazo za kuazima, kutoka kwa wakubwa wake. Na ndivyo Afrika inavyokaa kwenye filamu hizi: haionekani kwa macho, inatoka mdomoni mwa baba, dakika mbili, kisha filamu inaendelea.

Ya pili ni *Mississippi Masala* (1991), na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hakuna filamu inayokuhusu zaidi. Mira Nair hakuzaliwa kwetu. Ni mtu wa Odisha aliyesoma Marekani. Alipokuwa akifanya utafiti wa filamu hii alikutana na Mahmood Mamdani, mwanazuoni wa Kampala ambaye naye alifukuzwa mwaka 1972, wakaoana. (Mtoto wao Zohran alizaliwa Kampala mwaka ule ule filamu ilipotoka, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa meya wa New York. Hiyo nayo filamu nyingine.) Muswada uliandikwa na Sooni Taraporevala. Hadithi inaanza Kampala mwaka 1972. Jay ni wakili aliyezaliwa Uganda na anajiona Mganda kabla ya kitu kingine chochote. Okelo, rafiki yake wa tangu utotoni, ndiye anayemwambia ukweli kwamba nchi sasa ni ya Waafrika weusi. Jay anaondoka bila kumuaga vizuri. Miaka mingi baadaye familia iko Greenwood, Mississippi, inaishi kwenye moteli ya jamaa zao, na binti yao Mina anampenda Demetrius, kijana mweusi mwenye biashara ya kusafisha mazulia, anayechezwa na Denzel Washington.

Tazama jinsi Nair anavyoibana familia ile. Mbele ya watu weusi wa Mississippi, Wahindi wanasema sisi sote ni wamoja, si wazungu. Mapenzi yanapogundulika, umoja unaisha siku hiyo hiyo. Demetrius anamkabili Jay na kumkumbusha kwamba rangi yake na ya kwake zimepishana kidogo sana. Na Jay hawezi kumjibu Demetrius kwa sababu ndani ya kichwa chake anamjibu Okelo. Miaka yote ile amekuwa akiiandikia serikali ya Uganda barua za kudai nyumba yake. Mwishoni anakwenda Kampala, na anakuta kwamba Okelo alikwisha kufa zamani. Alichokuwa anadai kwa barua kilikuwa nyumba. Alichokuwa amepoteza kilikuwa mtu.

Ni filamu kubwa, naipenda. Hata hivyo jicho lako halijakosea. Okelo ni mwema mno. Anamtoa Jay kizuizini, anavumilia dharau, kisha anakufa ili Jay apate la kujutia. Hatujui anaishi wapi, anapenda nini, wala familia ya Jay ilikuwa ikiongea naye vipi mezani. Hata filamu inayotukumbuka inatukumbuka kama dhamiri ya mtu mwingine.

Mimi siiti hali hii kufichwa kwa makusudi. Naona sababu kadhaa zimefungamana. Filamu ya dakika tisini inabeba nchi mbili kwa taabu. Ya tatu inahitaji maelezo, na mfadhili wa London anauliza kwa nini Mhindi anazungumza habari za Nairobi. Umri nao una kazi yake: waliopata kamera walikuwa watoto wakati wa kuhama, hivyo wanarithi masimulizi yaliyokwisha kuchujwa. Na wanaochuja ni wazee. Hili ndilo zito. Ukimwambia mjukuu "tulifukuzwa", kesho atauliza "kwa nini watu walishangilia?", na hapo itabidi useme habari za duka, za mikopo, za mishahara, za ngazi ambayo Mwingereza aliiweka yeye juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini, na jinsi wengi walivyoizoea ngazi ile ya kati. Ni rahisi zaidi kusema "tunatoka Gujarat". Usisahau pia kwamba walikuwepo walioikataa ngazi hiyo, kina Makhan Singh na Pio Gama Pinto Kenya, Amir Jamal kwetu Tanzania. Ukimtengeneza bibi kama mfano wa Wahindi wote utakuwa umefanya kosa lile lile unalowalaumu wengine.

Afrika ya wanaume, basi, iko kwenye hotuba za baba. Ya wanawake iko kwingine, na wewe una bahati ya kuingia kila siku mahali ilipo. Iko jikoni. Wagujarati waliotoka kwetu wanaita muhogo *mogo*, na wameupeleka hadi kwenye mikahawa ya London. Wanasema *sufuria*, *kisu*, *fagio*, *jugu*, katikati ya sentensi ya Kigujarati, na wajukuu wao wanadhani hayo ni maneno ya India. Wanapika kuku paka. Mwongozaji asiyejua Kiswahili atapita juu ya maneno hayo bila kuyasikia. Wewe huwezi kutoyasikia.

Kwa hiyo mwalimu wako wa kozi, kwa heshima zote, amekosea nusu. Nusu aliyopatia ni hii: ukitengeneza filamu ya "maisha ya mwanamke wa Kigujarati", itikadi yake, ndoa yake, ibada zake, utakuwa mgeni, na mjukuu wake atafanya vizuri kuliko wewe. Nusu aliyokosea ni kudhani hadithi ya Jinja ina mwenyewe mmoja. Ina wawili, na wa pili hajawahi kushika kamera. Ravneet Sippy Chadha, mwongozaji mwenye asili ya India anayeishi Kenya, alitengeneza *Subira* (2018), hadithi ya msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini, na Kenya ikaipeleka kuiwakilisha kwenye mashindano ya Oscar. Kama yeye ameweza kuingia Lamu kwa adabu, nawe unaweza kuingia sebule ya Leicester kwa adabu hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye chai. Sikiliza sarufi yake. *Lete. Tia.* Nadhani ukiendelea kusikiliza utapata *ngoja*, *ondoa*, *funga mlango*. Utapata "naomba"? Utapata "tafadhali"? Mtu huzungumza lugha kama alivyojifunza, na inawezekana kabisa bibi alijifunza Kiswahili chake akiwaagiza yaya na boi wa nyumbani, basi kikabaki vile vile, kimekauka kama samaki wa Pwani, kwa zaidi ya miaka 50. Simlaumu, huenda kwake hiyo ndiyo lugha ya utoto na mapenzi, na anafurahi kuipata tena. Lakini anayeletewa amri hiyo leo ni nani? Ni binti wa Kitanzania, kwenye nyumba ya Leicester, kwa mshahara. Ngazi imesafiri na nyinyi wawili hadi Uingereza, ikapinda: sasa yeye anakuhitaji ili ainuke kitandani, na wewe ni mhamiaji kama alivyokuwa yeye. Hiyo ndiyo filamu ambayo kina Mira Nair na Gurinder Chadha hawakuweza kuitengeneza kwa mahali walipokaa. Na ndani yake wewe lazima uonekane. Ukijificha nyuma ya kamera utakuwa umejigeuza Okelo mwenyewe.

Kuhusu namna ya kuitengeneza, nikupimie kwa uaminifu. Filamu ya makala yenye uso wake ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo ya hatari kuliko zote. Wewe si jirani aliyepita kumsalimia; unalipwa kumtunza, unamwogesha, una ufunguo wa nyumba yake. Akikubali kupigwa picha, je, amekubali kwa hiari au amekubali kwa sababu anakutegemea? Filamu ya kubuni, yenye waigizaji wawili na jiko moja, inakuondolea shida hiyo, ila itakugharimu, na utapoteza sauti yake halisi. Mimi ningechagua njia ya katikati: sauti yake, mikono yake, vyombo vyake, uso hapana. Mkono wa mzee ukitwanga tangawizi unatosha kubeba dakika tano. Maandishi ya tafsiri yasisafishe Kiswahili chake. Akiamuru, tafsiri iamuru.

Lakini usiwashe chochote, hata simu, kabla hujakaa ana kwa ana na watu watatu. Msimamizi wako wa kazi awe wa kwanza, na upate ruhusa kwa maandishi. Kumrekodi unayemtunza bila idhini kunaweza kukufukuzisha, na kama viza yako imefungwa kwa mwajiri, kunaweza kukuondoa nchini. Akikataa, heshimu, andika ile ya kubuni. Pili ni familia ya bibi, wote mkiwa sebuleni naye akiwemo. Tatu, kama kumbukumbu zake zimeanza kuyumba, zungumza na daktari au muuguzi wake juu ya uwezo wake wa kuamua. Uingereza ina sheria ya mwaka 2005 inayohusu jambo hilo. Kipimo changu mimi ni cha kizamani: mwombe leo, kesho muulize tena. Kama hakumbuki kwamba alikubali, hajakubali. Na siku atakapoanza kusimulia ya mwaka 1972 akalia au akatetemeka, zima, mshike mkono, filamu itasubiri. Kwa mbinu za kurekodi wazee, Chuo Kikuu cha Leicester kina hifadhi ya masimulizi ya watu wa Midlands ya Mashariki. Nenda ukaonane nao, usiandike barua pepe tu.

Umeuliza uanzie wapi. Usianze na "ulijisikiaje ulipofukuzwa?" Swali hilo ameshaulizwa na watu wa redio na wajukuu, na jibu lake limeshapigwa pasi. Siku ya kurekodi mletee chai yake, kaa chini, ujimiminie na wewe kikombe, kisha muulize: Jinja, nani alikuwa anakuletea chai? Muulize mtu huyo alikuwa anatoka wapi, kama alikuwa na watoto, na siku familia ilipofunga mlango kuondoka alikuwa amesimama wapi. Muulize jina lake. Akilikumbuka, umepata mhusika wako wa pili. Asipolikumbuka, usimsaidie wala usijaze pengo kwa maneno. Acha kinasa sauti kiendelee.